Kwa Nini Panya wa Milia Anaitwa Kabula

Kitu cha kijinga cha kwanza nilichofanya kazini nilikifanya siku ya kwanza, jasho la kutembea kutoka nyumbani halijakauka. Nilimtungia panya historia. Wageni waliniuliza kwa nini yule panya mdogo mwenye milia anaitwa Kabula. Sikujua, na badala ya kufunga mdomo nikaufungua. Kila baya mtakalosoma hapa chini lilitokea kwenye mdomo huo, kwa hiyo msihangaike kutafuta mwingine wa kulaumu mpaka nitakapowaonyesha.

Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu, na nimestaafu kazi ya kuongoza wageni kwenye kile kituo cha wanyama na mila kilichopo nyuma ya mawe, ukishaipita Buhongwa. Nawaandikia nyie mtakaochukuliwa likizo ijayo, maana najua mtachukuliwa. Meneja anapenda wanafunzi. Wanakimbia, wanacheka na wageni, na hawaulizi maswali. Mshahara siuzungumzii, kwa sababu mtu huzungumzia kitu alichokiona. Kupanda cheo nilipanda mara moja tu, juu ya paa, kuziba bati.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema mtu asiandike akiwa na hasira, asubiri ipoe. Nimesubiri. Haijapoa.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa shati la kaki lenye nembo ya kituo mfukoni. Shati la mtu mzima. Mikono ilinifika kwenye kucha. Meneja, ambaye huvaa miwani ya jua hata akiwa stoo, alinipa sheria moja tu ya kazi. "Maduhu," akasema, "mwongozaji hasemi sijui. Mgeni ametoka mbali, amelipa kiingilio. Ukimwambia hujui, umemwibia." Nilimwelewa vizuri mno. Hilo ndilo tatizo langu, mambo ya kijinga nayaelewa haraka.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Luhende. Huyu ndiye mtunza nyoka, baba yake alikuwa mcheza ngoma ya nyoka, na yeye mwenyewe ana kidole kimoja kilichopinda ambacho kila mwaka anakisimulia tofauti. Alinionyesha fimbo yenye ndoano ya kunyanyulia chatu, na glovu nene za mafundi wa kuchomelea ambazo ukizivaa huwezi hata kujikuna. Alinionyesha nungunungu na akaniambia nisiache fagio karibu naye. Nikaliacha. Asubuhi nikakuta brashi peke yake, mpini ameula wote, anapenda chumvi ya jasho la mikono. Hilo liandikeni mahali.

Panya wa milia walikaa kwenye kabati la kioo ambalo zamani lilikuwa la kuuzia chipsi. Ukisogea karibu bado unaona alama ya mafuta pembeni. Sikilizeni vizuri kuhusu hawa, kwa sababu wengine hawatawaambia. Ni panya wa mchana, usiku wanalala kama watu. Wawekeeni majani mabichi na mbegu, na nyasi kavu za kutosha, maana wanajisokotea kiota cha duara kama mpira wa makaratasi. Msigonge kioo, mmoja wao anaweza kuruka mpaka juu na kujiumiza kwa woga. Na msimshike mkia hata mkiwa na haraka. Ngozi ya mkia inavuka kama soksi, unabaki umeishika na mwenyewe amekimbia. Yalinitokea wiki ya pili, na nilikula ugali siku hiyo kwa shida.

Eneo lote lile watu wanawaita Kabula. Mzee Luhende aliwaita hivyo, watoto wanaochunga mbuzi kwenye mawe waliwaita hivyo, mama yangu pia. Hakuna aliyesema kwa nini na mimi sikuuliza. Ni jina la mwanamke, tena la kawaida, huku kwetu anapewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Darasani kwetu wapo wawili. Mwenye jina lile hasa alikuwa anaishi nyumba ya pili kutoka kwenye ua wa seng'enge wa kituo, mkongwe mwenye michembe yake ya viazi vitamu imeanikwa juu ya jiwe, na mimi kila asubuhi napita pale naamkia, "Shikamoo bibi," ananijibu, "Marahaba mume wangu." Ningeweza kuuliza kabla hata salamu haijaisha.

Sasa wale wageni. Ilikuwa familia kutoka Dar, baba, mama, na vijana wao wawili wenye simu kubwa. Walikuwa wamechoka na kobe. Walipofika kwenye kabati la chipsi, yule mama akacheka.

"Huyu naye jamani, amevaa jezi. Anaitwa nani?"

"Kabula," nikasema.

"Kabula? Kwa nini Kabula?"

Meneja alikuwa nyuma yao, miwani imenikazia. Na mimi ninavyojijua, watu wakishanitazama wanasubiri kitu, kitu kinatoka.

"Kabula alikuwa mke mdogo wa mtu mmoja hapahapa," nikaanza. "Mwanamke mchoyo, mwizi wa karanga. Usiku wenzake wakilala, yeye anaingia kwenye kihenge. Mumewe akamvizia, akamchapa fimbo za mgongo, moja, mbili, tatu, mpaka mgongo wote ukawa mistari. Kabula akalia, akasinyaa, akasinyaa, akageuka panya. Mpaka leo usiku anaingia kwenye vihenge vya watu. Ukimwona, hesabu fimbo zake."

Walicheka mpaka yule baba akashika kabati. Kijana mmoja akasema nirudie, akanirekodi. Nikarudia, safari hii na sauti ya fimbo. Kama mnataka kujua raha ya kazi ilivyo, ilikuwa pale. Sijawahi kufaulu kitu kwa mara ya kwanza, ila uongo.

Baada ya hapo hakuna mgeni aliyeruka kabati la chipsi. Meneja aliniita mbele ya wenzangu akaniambia nina kipaji. Akamleta fundi wa kuchora mabango kutoka Igogo, akaweka bango la bati jekundu kwenye lango: KABULA, MKE MWIZI ALIYEGEUKA PANYA. Chini yake mwanamke ameinama, mgongo una mistari, mkia unachungulia kwenye kanga. Yule fundi alichora uso wa kizee. Nilimuuliza kwa nini, wakati mke mdogo anatakiwa awe kijana. Akaniambia, "Dogo, mchawi kijana nani atamwamini?"

Mimi sikuwa nimetaja mchawi. Lakini mtu aliyegeuka panya na kuingia usiku kwenye nyumba za watu, mlitaka aitwe nani? Sisi tumezaliwa huku. Tunajua mwanamke mzee akishaanza kusemwa, mwisho wake hauwi kicheko. Mtoto wa Dar anaweza kuicheka ile hadithi akapanda gari akaenda zake. Mimi nilitakiwa kujua. Nilicheka nao.

Ile video ikazunguka. Ikafika kwenye magrupu ya shule, ikafika kwa waendesha bodaboda, na ikifika kwa bodaboda ujue imefika nchi nzima. Watoto wakaanza kupita kwa Bibi Kabula wakiimba kuhesabu, "Moja, mbili, tatu," wanapiga makofi kama fimbo. Mimi niliwasikia nikiwa ndani ya ua nafagia. Nikajiambia ni utoto. Kisha wanawake waliokuwa wananunua michembe kwake wakaanza kununua kwa mwingine wa mbele kidogo, eti ya yule ina mchanga mdogo. Kisha panya wa majumbani wakala mahindi kwenye nyumba tatu, kama panya walivyokula mahindi tangu mahindi yaumbwe, na safari hii watu wakaulizana usiku ule nani alionekana nje.

Asubuhi moja Mzee Luhende alikuja kazini amekunja uso. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu ameweka panya wawili waliokufa mlangoni kwa bibi, wamefungwa pamoja kwa kamba ya katani.

"Nani?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi? Hadithi ni yako."

Siku hiyohiyo, kabla ya wageni kuingia, Bibi Kabula alikuja mwenyewe getini. Amejifunga kanga kiunoni, kichwani ana kitambaa, mkononi fimbo ya kutembelea. Alisimama chini ya bango akalitazama kwa muda mrefu. Bibi hajui kusoma, ila picha kila mtu anaisoma. Mlinzi alitaka kumwambia kiingilio, nashukuru Mungu alinyamaza.

"Nimekuja kumwona mume wangu," akasema. "Yule aliyenichapa. Wameniambia anafanya kazi hapa."

Nilitoka nyuma ya kabati. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kumbe ni wewe. Mume wangu mdogo hivi, umepata wapi nguvu za kumchapa mtu mpaka akaota mkia?"

Mlinzi alicheka. Mimi sikuweza. Nikasema nisamehe bibi, ulikuwa mzaha.

"Mzaha naujua. Mimi na wewe ni watani, wewe ni mjukuu wangu, ukiniambia nimezeeka meno yameisha nitakutukana na wewe, tutacheka. Utani tunatupiana usoni. Huu wako umewapa wageni waondoke nao, na mimi nimebaki na panya mlangoni. Mzaha gani anaotaniwa mtu akiwa hayupo?"

Mwongozaji hasemi sijui, kwa hiyo nikakunja mikono ya shati lao, nikaikunjua.

"Unajua kwa nini wanamwita Kabula?" akauliza.

"Hapana, bibi."

"Na nimekaa hapo miaka yote hiyo, mita ngapi? Haya, sikia." Akakaa kwenye ndoo ya kulishia nungunungu iliyokuwa pale bila kukaribishwa. "Nimeolewa hapa ni binti. Wakati huo tunalima kwa kikundi, leo shamba hili, kesho lile. Mstari mmoja wanaume kwa wanawake, ngoma inapigwa nyuma, manju anaimba, jembe linafuata ngoma. Nilikuwa na shuka moja tu ya kulimia, ya milia, nimeifunga mgongoni. Nikiinama siinuki mpaka mwisho wa tuta. Walionifuata nyuma hawakuwa wanauona uso wangu, walikuwa wanaona milia tu inakwenda mbele. Basi kapanya kale kakatoka kwenye majani mbele ya majembe, kakakimbia na milia yake. Manju akakaona, akaingiza kwenye wimbo: Kabula huyo, mshikeni. Watu wakacheka mpaka ngoma ikasimama. Kila msimu kakitokea, Kabula huyo. Kakabaki na jina."

"Walimshika?" nikauliza, kwa ujinga tu.

"Kapanya? Hawakukashika. Wala mimi hawakunishika." Akapiga fimbo chini. "Na mume wangu hakunichapa hata siku moja. Angenichapaje, alikuwa anabaki nyuma matuta mawili."

Hapo ndipo nilipojua nilichokifanya. Kile kizee kilichochorwa kimeinama kwa ajili ya fimbo, kwa kweli kilikuwa kimeinama kwa ajili ya jembe, na hakuna mwanaume wa kijiji hiki aliyewahi kukifikia. Watu walikipa jina lake kiumbe kinachokimbia mbele ya wote. Ilikuwa sifa. Watu waliiimba msimu mzima wa mvua. Mimi nikaichukua nikaipiga fimbo mbele ya familia iliyochoka na kobe.

Alipoinuka hakuwa anatania tena. "Mwanangu wa Geita amepiga simu. Anakuja Jumapili kunichukua. Anasema niache nyumba, nikae kwake mpaka maneno yaishe. Maneno ya namna hii huwa yanaisha lini, mume wangu? Nimemzika mwenzangu hapa. Sitaki kwenda Geita."

Akaenda zake. Hakunigusa, hakunilaani. Ningependa angenipiga ile fimbo.

Nilikwenda ofisini kwa Meneja. Hii ni ile sehemu ya kazi ambayo hamtafundishwa, kwa hiyo nawapa maneno kama yalivyosemwa. Nilimweleza yote. Nikamwambia tushushe bango, na kuanzia leo nitawaambia wageni asili ya jina lenyewe, na ni nzuri zaidi.

"Nzuri zaidi kwa nani?" akasema. "Mwanamke analima. Huko kote walikotoka kuna wanawake wanalima. Nani alipe aje asikie hilo?"

"Meneja, wamemwekea panya mlangoni."

"Sisi tumeweka?"

"Anahamishwa kwake."

"Maduhu. Kabula wapo wangapi huku? Mia? Bango limeandika jina la ukoo? Limeandika namba ya nyumba? Mtu akijishuku, hilo ni lake." Akavua miwani, mara ya kwanza kumwona macho. Ni macho ya kawaida tu. "Na hadithi nani aliitunga? Mimi?"

Hapo alinipata. Ndio maana nina hasira mpaka leo. Hakuniambia uongo. Niliutunga mimi. Lakini mimi niliutunga bila kujua kuna mtu chini yake, na yeye ameambiwa mtu yupo, ana jina, anahamishwa kwake, na akaamua kuuacha uendelee kwa sababu lango linaingiza hela. Hizo dhambi mbili hazilingani kilo. Nipelekeni mahakama yoyote nitasema hivyohivyo.

Nikamfuata Mzee Luhende. Yeye ni mtu wa palepale, alikuwa anaujua ule wimbo, nilikuja kugundua anaujua mpaka mwisho. Nikamwambia twende wote kwa Meneja. Akaendelea kumpaka chatu maji.

"Mimi ni wa nyoka tu, mwanangu. Nina watoto wanasoma."

"Mzee, ulijua. Toka siku ya kwanza ulinisikia nikidanganya."

"Nilikusikia. Nikasema atachoka."

Naheshimu fimbo yake ya ndoano na kila alichonifundisha. Kwa hilo moja simheshimu, na najua akisoma atakasirika. Akasirike. Tutakuwa wawili.

Jumamosi lilikuja basi zima, watu wa semina kutoka mjini, wamelala hotelini kule ufukweni, wana kofia zinazofanana. Meneja aliwaleta mwenyewe mpaka kwenye kabati la chipsi, akanisukuma mbele, "Huyu ndiye kijana mwenyewe wa kwenye video." Wakapiga makofi, simu zikanyanyuka.

Nikawaambia, hadithi mliyoisikia niliitunga mimi na ni uongo. Nikawaambia Kabula ni mtu, yuko hai, ile pale nyumba yake yenye michembe juu ya jiwe. Nikawaambia habari ya shuka na tuta na ngoma na manju. Niliongea nikiliangalia kabati, na mimi huwa naangalia watu usoni, nimewahi kumwimbia mwalimu mkuu wimbo wa mazishi akiwa hai. Mama mmoja wa makamo alitikisa kichwa akasema, "Pole yake." Jamaa mmoja mwenye kofia akashusha simu.

"Dogo, lakini ile ya kuiba karanga ndiyo tamu. Tupigie ile."

Wenzake wakacheka. Sikumtukana. Nawaambia hivyo mjue kwamba ninaweza. Nilikwenda getini, nikapanda juu ya pipa la maji, nikaanza kufungua waya wa bango kwa mkono. Meneja akaja akinikimbilia, wageni nyuma yake wanarekodi, nadhani walipata tamu yao. Bango likaning'inia upande mmoja. Akaniambia nishuke. Nikashuka. Akaniambia nivue shati la kituo, palepale. Nikavua nikampa, nikaondoka na singlendi. Hiyo ndiyo sherehe yangu ya kustaafu. Nyuma yangu nilimsikia akimwita mlinzi alete koleo, bango lirudishwe.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa uani anatoa magamba ya sato wa kukaanga jioni. Alinitazama nilivyo, akaendelea na samaki.

"Shati la watu liko wapi?"

Nikamweleza. Nilianza mwisho, na lile pipa, kwa sababu ndiyo sehemu niliyojipenda. Akaniambia nianze mwanzo. Nikarudi mpaka kwenye familia ya Dar. Nilipofika kwenye panya waliofungwa katani, kisu kilisimama.

"Yale maneno yanayosemwa kisimani," akasema, "yalitoka kwako?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi niliyasikia. Nikaguna, nikateka maji nikaondoka."

Nilidhani atanipiga, nikamsogelea ili asihangaike kuinuka. Nikamwambia, lakini leo nimesema ukweli mbele ya basi zima, mama, wote wamesikia, wamenirekodi.

Aliosha mikono, akamfunika samaki kwa sinia, akafungua kanga akaifunga upya. Kisha akasema:

"Wageni wanalala mjini. Kabula analala hapa, na kesho ni Jumapili. Vaa shati, utawaambia hayohayo nyumba kwa nyumba, tunaanzia kwa jirani."